Sabuni ina alama ya ubora, programu ya malipo je?

Ruziba, kusini mwa Bujumbura, biashara huanza mapema. Barabara ya Rumonge inapita hapo karibu na ziwa. Ndagala waliovuliwa usiku kwa taa wanatafuta mnunuzi, mawese yanaingia kwa madumu, na bidhaa za dukani, kama sabuni, chumvi na vyombo vya plastiki, zinafika kutoka Tanzania kwa njia ya Manyovu na Mugina au kwa maboti ya Kigoma. Mzigo huo siku hizi hautembei peke yake. Unatembea na simu.

Mfano ni mama anayenunua Kigoma na kuuza Ruziba. Bei anakubaliana na mwenzake kwa ujumbe wa WhatsApp. Wateja wake wanamlipa kwa Lumicash au EcoCash, sehemu ya fedha anaipeleka benki, sehemu anaipitisha kwa wakala, na upande wa pili wa mpaka mwenzake anapokea shilingi za Tanzania kwenye simu yake. Wakala wa forodha naye anaingiza tamko la mzigo kwenye ASYCUDA World, mfumo unaotumiwa na OBR, mamlaka ya mapato ya Burundi. Kabla adhuhuri haijafika, jina la mama huyo, namba yake, thamani ya mzigo wake na salio lake vimepita kwenye programu nne au tano ambazo hakuzichagua na ambazo watengenezaji wake hawajui.

Lakini katoni ya sabuni aliyoibeba ina alama ya ubora. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 kuhusu viwango, uhakiki wa ubora, vipimo na upimaji inataka bidhaa yenye alama ya nchi mwanachama mmoja itambuliwe na wanachama wengine. Alama ya TBS iliyotolewa Dar es Salaam inapaswa kueleweka Bujumbura, na ya BBN iliyotolewa Bujumbura ieleweke Kigoma. Utekelezaji una kasoro zake, na kila aliyewahi kusubiri Kobero anazijua. Hata hivyo kanuni ipo na imeandikwa, na mfanyabiashara anaweza kuinukuu mbele ya ofisa. Kwa programu inayobeba fedha za sabuni hiyo, mama wa Ruziba hana alama ya kuangalia wala kanuni ya kunukuu.

Pengo hilo linaweza kuzibwa, na Jumuiya haihitaji kubuni kitu kipya. Kiwango kipo na zana zipo. Kinachokosekana ni amri kwamba kila kampuni inayopitisha malipo ya mpakani iwe na cheti cha usalama wa taarifa, cheti hicho kiguse programu yenyewe inayotumiwa na mteja, na mipaka ya cheti itangazwe hadharani.

Sababu ya kudai hivyo ilionekana Kampala mwanzoni mwa Oktoba 2020. Wahalifu waliingia kwenye mfumo wa kampuni ya Pegasus Technologies, iliyokuwa ikiunganisha malipo kati ya benki na mitandao ya simu. Magazeti ya Uganda yaliripoti kwamba laini za simu zipatazo 2,000 zilitumika kutoa fedha. Oktoba 5, wakuu wa benki ya Stanbic Uganda, MTN Uganda na Airtel Uganda walitoa taarifa ya pamoja. Walisema mtoa huduma wa tatu amepatwa na tatizo la mfumo, huduma za kuhamisha fedha kutoka benki kwenda kwenye simu zimesimamishwa, na salio za wateja hazijaguswa.

Tuchukue maneno hayo kuwa ni ya kweli, salio halikuguswa. Kwa mfanyabiashara huo ni nusu tu ya habari. Aliyekuwa na lori la nyanya Busia au kontena la nguo mpakani siku hiyo, fedha zake zikiwa benki na muuzaji akisubiri kulipwa kwa simu, salio lake lilikuwa salama na biashara yake ilikuwa imesimama. Nyanya hazisubiri taarifa ya pamoja.

Kubwa zaidi ni kwamba wateja wengi hawakuwahi kulisikia jina la Pegasus kabla ya siku ile. Waliijua benki yao na waliujua mtandao wao wa simu. Katikati kulikuwa na kampuni ya tatu, na katika kampuni hiyo kulikuwa na programu, na hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Wakati huo Uganda ilikuwa na sheria mpya kabisa ya mifumo ya malipo, iliyopitishwa mwaka huohuo wa 2020. Kenya ilikuwa nayo tangu 2011, Tanzania tangu 2015 na Burundi tangu 2018. Uhaba wa sheria si tatizo la ukanda huu.

Kiwango kinachozungumzwa hapa ni ISO/IEC 27001. Kilitolewa mara ya kwanza mwaka 2005, kikarekebishwa 2013 na tena 2022. Toleo la 2022 lina hatua 93 za udhibiti, zinazohusu watu, majengo, utaratibu wa ofisi na teknolojia. Cheti hudumu miaka mitatu, na kila mwaka mkaguzi hurudi kuona kama mambo bado yako sawa. Ni vizuri ieleweke mapema kwamba cheti hiki hakisemi programu fulani haina tundu. Kinasema kampuni ina mfumo wa kuyatafuta matundu, kuyapima, kuyaziba na kuthibitisha kwamba yamezibwa. Tofauti hiyo ni kama ile kati ya boti ambalo halijawahi kuvuja na nahodha anayekagua boti lake kila asubuhi kabla ya kwenda Kigoma. Msafiri mwenye akili humtafuta nahodha wa namna hiyo.

Katika hatua hizo 93, zipo zinazogusa programu moja kwa moja. Kuna inayotaka udhaifu wa kiufundi ufuatiliwe na kushughulikiwa. Kuna zinazotaka programu iandikwe kwa njia salama tangu siku ya kwanza na ijaribiwe kabla ya kupelekwa kwa wateja. Kuna inayotaka kazi iliyopewa watengenezaji wa nje isimamiwe, na kundi zima linalohusu wagavi, yaani akina Pegasus wa kila nchi.

Mkaguzi akifika haombi ahadi. Anaomba ushahidi: mlijua lini, nani alipewa kazi, ilichukua siku ngapi, nani alithibitisha. Hapa ndipo kampuni nyingi huanguka, au mbaya zaidi, hufaulu kwa hila. Mwezi mmoja kabla ya ukaguzi watu wanakesha wakijaza fomu za mwaka mzima. Karatasi zinapendeza, faili linafungwa kwa utepe, cheti kinatundikwa mapokezi. Programu inabaki ilivyokuwa.

Zana za kusimamia usalama wa programu zinaiondoa hila hiyo kwa kiasi kikubwa, na ndiyo thamani yake. Ziko za aina kadhaa. Nyingine husoma msimbo ulioandikwa na watengenezaji na kuonyesha mahali palipoandikwa vibaya, kwa mfano neno la siri lililoachwa wazi. Nyingine huorodhesha vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine duniani ambavyo kampuni imevitumia, kisha huvilinganisha na orodha za udhaifu unaojulikana. Nyingine hugonga programu ikiwa hai, kama mwizi anavyojaribu vitasa vya milango ya mtaa mmoja baada ya mwingine. Juu ya zote kuna zana inayokusanya matokeo mahali pamoja, inayoondoa yanayojirudia na kumpa kila mtu kazi yake na tarehe ya mwisho.

Mwenye duka yeyote Ruziba anaielewa zana hiyo ya mwisho bila kusomea kompyuta, kwa sababu anayo yake: daftari la mkopo. Jina, tarehe, kiasi, siku aliyoahidi kulipa, siku aliyolipa. Daftari la kampuni linaandika tundu, siku lilipoonekana, ukubwa wa hatari, aliyepewa kulirekebisha, siku lilipofungwa na aliyehakikisha. Likijazwa na mashine kila siku, halijazwi usiku wa kuamkia ukaguzi. Mkaguzi akiuliza habari za Machi, Machi ipo.

Umuhimu wa orodha ya vipande vya wengine ulionekana Desemba 2021, ulipotangazwa udhaifu mkubwa katika Log4j, kipande kidogo cha programu kinachotumika kuandika kumbukumbu za matukio ndani ya mifumo ya Java. Kilikuwa kila mahali, benki na serikalini. Waliokuwa na orodha waliuliza orodha yao wakajua seva zipi ziguswe. Wasiokuwa nayo walifungua mfumo mmoja baada ya mwingine, wakiwapigia simu watengenezaji walioacha kazi zamani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo, lakini kwanza ufa uonekane.

Wapo watakaosema cheti ni biashara ya wakaguzi tu, na hawasemi uongo mtupu. Mfano wao bora uko Marekani. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax, inayotunza rekodi za mikopo ya watu, iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Baada ya wizi ilibainika kuwa ilikuwa na cheti cha ISO 27001. Kilichotokea ndani yake kinafaa kusomwa na kila mkuu wa kampuni ya malipo. Udhaifu katika kipande kiitwacho Apache Struts ulitangazwa Machi 2017, kiraka chake kikatolewa. Ndani ya Equifax ujumbe ulisambazwa ukitaka kirekebishwe katika saa 48. Kifaa cha kukagua kikawashwa, kikapita, hakikuona kitu, kwa kuwa hakikuangalia mahali ambapo kipande kile kilikuwa. Wavamizi waliingia Mei na kukaa hadi mwisho wa Julai. Chombo ambacho kingewaona kikichunguza mawasiliano kilikuwa kimepofuka kwa miezi 19, kwa sababu ya cheti cha kidijitali kilichoisha muda bila mtu kukihuisha.

Kwa hiyo kulikuwa na cheti, kulikuwa na zana, na kulikuwa na amri ya saa 48. Lililokosekana ni mtu wa kurudi na kuuliza kama kweli tundu limezibwa, na orodha kamili ya mahali pa kuangalia. Wanaopinga vyeti husoma kisa hiki na kuhitimisha kwamba vyeti havina maana. Hitimisho hilo ni la haraka. Kinachoonekana ni kwamba cheti kisichosomwa pamoja na daftari la matundu ni karatasi, na ndiyo maana amri ya Jumuiya ikitaka cheti peke yake itakuwa imewapa wakaguzi kazi na kumwacha mama wa Ruziba alipokuwa.

Jambo la mipaka ya cheti nalo linastahili kutazamwa kwa makini, maana ndipo ujanja mwingi unapojificha. Kila cheti cha ISO 27001 kina maelezo ya eneo kinalolihusu. Kampuni inaweza kuthibitishwa kwa kituo chake cha kutunza seva peke yake, au kwa idara ya fedha peke yake, kisha ikatangaza kwenye mabango kwamba imethibitishwa. Hakuna sheria ya ISO iliyovunjwa. Mteja anayeona bango anadhani programu iliyo mkononi mwake imekaguliwa, kumbe kilichokaguliwa ni chumba chenye kiyoyozi. Anayenunua mchele kwa gunia hufungua mdomo wa gunia na kuchoma kati kwa bambo. Bango ni mdomo wa gunia.

Upo pia upinzani wa gharama, na huo ni mzito zaidi. Vijana wa Bujumbura wanaotengeneza programu ya ushirika wa wavuvi hawana fedha za kumleta mkaguzi kutoka Nairobi au Ulaya, na wanafanya kazi katika mji ambao miaka ya karibuni umepanga foleni ndefu za petroli na ambao umeme wake haujawa wa kutegemewa. Mkaguzi atauliza seva inafanya nini umeme ukikatika, na jenereta bila mafuta si jibu. Amri ikija bila ngazi, watakaobaki sokoni ni makampuni makubwa ya nje, na ushindani utakufa kwa jina la usalama.

Ngazi zinawezekana. Zana nyingi za kuanzia hazilipiwi. ZAP hugonga programu iliyo hai. Dependency-Track huorodhesha vipande vya wengine na kuvifuatilia. DefectDojo hukusanya matokeo na kuyapangia watu na tarehe. Zote ni programu huria, na zinahitaji kompyuta moja ya maana na mtu mmoja asiyeahirisha mambo. Warundi wana faida moja isiyotajwa sana: ISO huchapisha kiwango hiki kwa Kifaransa pia, lugha ambayo ofisi za Bujumbura huandikia nyaraka zao. Hawana haja ya kusubiri tafsiri.

Kampuni ndogo inaweza kutakiwa, mwaka wa kwanza, kuwasilisha kwa benki kuu muhtasari wa daftari lake: matundu mangapi makubwa yalionekana, yalifungwa kwa siku ngapi, mangapi yako wazi. Cheti kingefuata kadiri fedha zinazopita zinavyoongezeka. Wakala mwenye meza, mwavuli na simu mbili asiguswe kabisa na masharti haya. Atakayedai cheti kwa wakala wa barabarani atakuwa anatafuta kitoweo.

Daftari hilo halimlindi mtu dhidi ya kila kitu, na haifai kuliuzia umma kwa maneno hayo. Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliishambulia eCitizen ya Kenya, tovuti inayotoa huduma za serikali zaidi ya 5,000. Serikali ilikiri shambulio na kusema hakuna taarifa zilizopotea. Kilichofanyika ni kuufurika mfumo kwa maombi hadi ukashindwa kuhudumia watu, na wageni ikabidi wapewe viza walipofika. Dhidi ya mafuriko ya namna hiyo, kusoma msimbo kunasaidia kidogo tu. Zinahitajika hatua nyingine, na baadhi zimo katika kiwango hichohicho, zile zinazohusu kuendelea kutoa huduma mambo yanapoharibika. Wala zana hazizuii wakala kutazama namba ya siri mteja anapoibonyeza, wala tapeli anayepiga simu akijidai ni ofisa wa mtandao. Hasara za namna hiyo wafanyabiashara wanazijua vizuri zaidi kuliko mhandisi yeyote.

Nchi za Jumuiya zimekwenda kwa mwendo tofauti katika sheria za takwimu. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Burundi mwaka 2022 ilipitisha sheria dhidi ya uhalifu wa mtandaoni, inayomwadhibu mvamizi. Kumwadhibu mvamizi ni haki, lakini mvamizi akiwa nchi ya tatu na laini za simu zikiwa zimetupwa ziwani, adhabu inakosa mtu wa kuibeba. Aliyebaki mjini ni kampuni iliyoacha mlango wazi, na yeye ndiye anayeweza kuulizwa kabla ya mlango kuvunjwa.

Mahali pa kuuliza papo. Benki kuu hutoa leseni. Baraza la mawaziri wa Jumuiya linaweza kuzipa benki hizo mstari mmoja wa pamoja, kama ilivyofanywa kwa viwango vya bidhaa mwaka 2006: anayepitisha malipo ya mpakani, akiwemo yule wa katikati asiyejulikana na mteja, aonyeshe cheti, aonyeshe mipaka yake, na muhtasari wa daftari la matundu ukaguliwe kila mwaka. Mstari huo ungemwokoa pia mtengenezaji wa Bujumbura, ambaye sasa akitaka kuuza programu yake Kigoma na Uvira anakuta kila nchi ina fomu zake.

Vyama vya wafanyabiashara havina sababu ya kusubiri baraza. Kampuni za malipo huzunguka masokoni zikigawa fulana na miavuli na kutafuta wateja wapya, na siku hiyo maofisa wake husimama mbele ya watu na kipaza sauti. Ni nafasi nzuri ya kuuliza kama programu inayotumika sokoni imo ndani ya cheti chao au iko nje, nani yuko katikati ya simu na benki, na tundu kubwa la mwisho lilifungwa kwa siku ngapi. Wakala wa Ruziba hawezi kujibu, na haifai kumsumbua. Aliyekuja na fulana anaweza kuipeleka hoja ofisini, ambako mkaguzi anafahamika, tarehe zinafahamika, na daftari, kama lipo, liko kwenye kompyuta ya mtu ambaye mama wa Ruziba hajawahi kumwona.